Mlango Ulioachwa Wazi kwa Huruma

Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2004, moto ulizuka ndani ya kabati la korido katika makao ya wazee ya Rosepark, mji wa Uddingston, Scotland. Ulianzia kwenye mfumo wa umeme uliokuwa ndani ya kabati hilo, ukala vilivyokuwamo, na baada ya muda mfupi ukafifia kwa kukosa hewa. Kwa kipimo cha wazimamoto haukuwa moto wa kutisha. Wazee 14 walipoteza maisha.

Kilichowaua ni moshi, na moshi uliingia kupitia milango ya vyumba iliyokuwa wazi usiku ule. Mtu ambaye hajawahi kukesha na mgonjwa atauliza mara moja: kwa nini iliachwa wazi? Aliyewahi kukesha hana haja ya kuuliza. Mtu asiyeweza kuinuka peke yake huogopa giza la chumba kilichofungwa. Hupenda kuona mwanga wa korido na kusikia nyayo za mtu zikipita. Mhudumu naye hutaka kusikia nani anakohoa, nani anaita, nani ameanguka. Katika makao ya aina hii mlango huachwa wazi kwa huruma, na huruma hiyohiyo ndiyo humfungulia moshi njia.

Nimesoma habari nyingi za ajali katika makao ya malezi, ya wazee na ya watu wenye ulemavu, na kila nikimaliza narudi palepale. Tunapofikiria hatari kwa watu hawa tunafikiria kitu kigeni: mwizi aliyeruka ukuta, mhudumu katili, paa bovu. Vitu hivyo vipo na vinastahili hasira yetu. Lakini sehemu kubwa ya madhara inatokana na kinga zenyewe. Kitu kiliwekwa ili kumlinda mtu na jambo moja, kikamdhuru kwa jambo la pili, kwa sababu hakuna aliyekigeuza kukitazama upande wa nyuma.

Chukua maji ya kuoga. Katika jengo kubwa, maji ya moto hayatakiwi kukaa kwenye tangi yakiwa vuguvugu. Kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, bakteria wanaoitwa Legionella huzaliana ndani ya tangi na mabomba, na matone madogo ya bafu yakiwafikisha mapafuni mwa mtu dhaifu huleta nimonia kali. Ugonjwa huo ulipata jina lake baada ya kuwashambulia askari wastaafu waliokutana hotelini Philadelphia mwaka 1976. Kwa hiyo fundi huambiwa apandishe joto la tangi hadi nyuzi 60, naye hufanya hivyo, na yuko sahihi kabisa. Sasa ufuate bomba mpaka bafuni. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takribani sekunde tano. Ngozi ya mzee ni nyembamba, huungua upesi zaidi. Aliyepooza anaweza asisikie joto. Mwenye dimensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na fahamu, huenda akalisikia, lakini akili isiuambie mguu utoke.

Dawa yake inajulikana: vali ya kuchanganya maji, inayofungwa karibu na bomba la kuogea, ambayo huongeza maji baridi ili yanayotoka yasizidi joto lililowekwa. Uingereza kiwango cha juu kwa maji ya kuogea watu walio hatarini ni nyuzi 44. Vali hiyo nayo ni chombo kama vyombo vingine. Huziba kwa chokaa ya maji, huchakaa, na ikichakaa haipigi kelele. Ndiyo maana pamoja na vali lazima kuwe na kipimajoto na mkono wa mtu.

Niliwahi kuingia kwenye bafu moja la makao ya wazee nikaona kipimajoto kimening'inizwa vizuri kwenye msumari, na pembeni yake karatasi ya kuandikia joto la kila siku. Karatasi ilikuwa imejaa. Jumatatu 43, Jumanne 43, Jumatano 43, wiki tatu nzima 43, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule ulioinama kulia. Nilikigusa kipimajoto. Kamba yake ilikuwa kavu, imekakamaa, na juu ya kioo kulikuwa na vumbi la kutosha kuandika herufi kwa kidole. Sikumwona mhudumu kuwa mtu mbaya. Siku ile alikuwa na watu 11 wa kuwaogesha kabla ya kifungua kinywa. Aliyepanga watu 11 kwa mikono miwili ndiye aliyeijaza ile karatasi.

Kingo za kitanda ni mfano mchungu zaidi, kwa sababu mara nyingi familia ndiyo inayoziomba. Mzee ameanguka mara moja usiku, watoto wanakuja juu: mwekeeni vyuma pembeni! Kwa macho ya mtu mzima mwenye akili timamu, kingo ni ulinzi. Kwa mtu aliyechanganyikiwa saa nane za usiku, ni ukuta wa kupanda. Atainua mguu, atapita juu, na ataanguka kutoka mahali pa juu kuliko pale ambapo angeteleza tu. Au atajipenyeza katikati ya godoro na chuma, kichwa au kifua kikwame, na mwili usiwe na nguvu ya kujitoa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea taarifa za watu 901 walionaswa au kukabwa na kingo za vitanda kati ya mwaka 1985 na mwanzoni mwa 2013. Kati yao 531 walikufa. Hizo ni zile zilizoripotiwa tu, tena katika nchi yenye utaratibu wa kuripoti.

Kumfunga mtu kwenye kiti kwa mkanda au shuka ni ndugu wa jambo hilohilo. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa tendo la upendo: asianguke, asizurure. Mwaka 1987 sheria ya Marekani kuhusu nyumba za uuguzi iliwapa wakazi haki ya kutofungwa, kwa kamba wala kwa dawa za kulevya akili, kwa ajili ya kuwaadhibu au kwa ajili ya urahisi wa watumishi. Neno hilo urahisi limewekwa mahali pake. Mtu aliyefungwa siku nzima misuli yake husinyaa, hupata vidonda vya kulalia, na siku akifunguliwa huanguka upesi kuliko mwanzo, kwa kuwa miguu imesahau kazi yake. Tunaweza kumkinga mtu na sakafu mpaka tukamnyang'anya uwezo wa kusimama juu yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na kundi linaloumia zaidi ni la waliopita miaka 60. Kwa hiyo sisemi kuanguka ni jambo dogo. Nasema chuma cha kitanda hakijui kwa nini mtu anaamka. Kitanda kinachoshuka karibu na sakafu, godoro jembamba lililolazwa pembeni, taa hafifu ya kuelekea chooni, viatu vinavyoshika mguu badala ya ndala, dawa za usingizi zilizopunguzwa na daktari: hivi vinasaidia. Lakini hata hivi havifanyi kazi mpaka mtu aulize swali moja la kitoto, huyu bibi anakwenda wapi saa hizi?

Kuna vitu vidogo zaidi ambavyo havimo hata katika orodha za ukaguzi. Mtu aliyepatwa na kiharusi huweza kupoteza uwezo wa kumeza vizuri, na maji ya kawaida humwingia njia ya hewa. Kwa hiyo hupewa unga wa kufanya kinywaji kiwe kizito. Unga huo ukichanganywa kikombeni ni msaada mkubwa. Ukiachwa mkavu kwenye kopo juu ya meza ya kitanda, mwenye njaa au aliyechanganyikiwa akautia mdomoni, huvimba kooni kwa mate yake mwenyewe. Mwezi Februari 2015 huduma ya afya ya Uingereza ilitoa tahadhari kwa nchi nzima baada ya mkazi wa makao ya malezi kufa hivyo. Kopo la kuzuia kukabwa ndilo lililomkaba.

Au mafuta ya mgando ya kupaka, yale yanayotokana na petroli, ambayo kila chumba cha mzee mwenye ngozi kavu huwa nayo. Yanazuia ngozi kupasuka, na ngozi isiyopasuka haiingiwi na vijidudu. Lakini yanaingia kwenye shuka, kanga na nguo za kulalia siku baada ya siku, na nguo iliyolowa mafuta hayo ikiguswa na kiberiti au sigara huwaka kama utambi. Kufua hakuyatoi yote. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilipanua onyo lake, ikasema hata mafuta ya ngozi yasiyo na kiungo hicho cha petroli yana hatari hiyo yakikauka kwenye kitambaa. Mhudumu anayepaka mafuta saa moja asubuhi na yule anayempa mzee sigara yake saa kumi jioni ni watu wawili tofauti. Ni nani kazi yake kuviunganisha hivyo viwili?

Narudi kwenye milango, maana hapo ndipo mgongano ulipo mkali kuliko pote. Kwa mtu mwenye dimensia ambaye hutoka na kupotea, mlango wa nje usiofungwa ni hatari ya kifo: barabara, maji, baridi ya usiku. Kwa jengo linaloungua, mlango wa nje uliofungwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mmoja ni hatari ya kifo kwa wote. Siwezi kuhesabu mara nilizoona kufuli la kuning'inia kwenye mlango ulioandikwa kwa rangi nyekundu kuwa ni wa dharura. Ukimuuliza meneja, atakueleza kwa ukweli kabisa kisa cha mzee aliyetoka akapatikana baada ya siku mbili. Kila kufuli lina kisa chake cha huruma.

Kwa bahati njema, mgongano huu una ufumbuzi wa kiufundi. Zipo kufuli za sumaku zinazoachia zenyewe king'ora cha moto kinapolia. Vipo pia vishikizo vinavyoacha mlango wa chumba ukiwa wazi usiku kucha, mzee akaona mwanga wake, na kuuachia ujifunge moshi unapogunduliwa. Kifaa hicho kinampa mzee usingizi na kinampa ukuta dhidi ya moshi, bila kumlazimisha mtu yeyote kuchagua. Ndiyo maana kisingizio cha kwamba huruma na usalama haviendi pamoja sikikubali. Mara nyingi vinaenda pamoja pale mwenye jengo anapokubali kutoa fedha.

Fedha ndizo zilizotenganisha wafu na walio hai kule L'Isle-Verte, mkoa wa Quebec, Kanada, usiku wa tarehe 23 Januari 2014. Makao yale ya wazee yalikuwa na sehemu mbili. Sehemu mpya ilikuwa na vinyunyizio vya maji darini na ukuta wa kuzuia moto, ikabaki imesimama. Sehemu ya zamani haikuwa navyo, kwa sababu kanuni za wakati wa kuijenga hazikuvidai. Watu 32 walikufa, chini ya paa la makao yaleyale yaliyokuwa yametimiza kanuni. Kanuni husema kiwango cha chini kinachokubalika. Haisemi kama bibi wa chumba cha juu anaweza kushuka ngazi.

Hilo la ngazi ndilo kiini cha kila mpango wa moto katika makao haya, na ndilo linalorukwa. Mipango mingi imeandikwa kana kwamba wakazi ni wafanyakazi wa ofisi: king'ora kikilia, tokeni, kusanyikeni uwanjani. Nani atoke? Wakazi 30 wasiotembea, saa tisa usiku, na wahudumu wawili. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Kumwamsha mtu mmoja mzito, kumweka kwenye kiti cha magurudumu na kumsukuma hadi nje huchukua dakika kadhaa, na moshi hausubiri zamu ya mtu. Ndiyo sababu jengo lenyewe linapaswa kugawanywa kwa milango na kuta zinazozuia moto, ili mtu ahamishwe kutoka sehemu moja hadi sehemu ya jirani kwenye sakafu ileile, kisha waokoaji wafanye yaliyobaki. Na ndiyo sababu simu ya zimamoto hupigwa dakika ya kwanza. Rosepark, king'ora kililia na dakika tisa zikapita kabla simu haijapigwa, kwa kuwa watumishi walikwenda kwanza kutafuta moto ulipo. Uchunguzi wa kisheria uliotoa ripoti yake mwaka 2011 ulisema baadhi ya vifo vile, au vyote, vingeweza kuzuiwa kama kungekuwa na mpango unaofaa wa usalama wa moto. Sina lawama kwa wanawake wale wa zamu ya usiku. Mtu hufanya alichofundishwa, na asipofundishwa hufanya ambacho sisi sote tungefanya: huenda kuchungulia.

Ningekuwa mkaguzi ningefanya ukaguzi wangu wote usiku. Mchana kila makao hupendeza. Kuna mpishi, kuna meneja, kuna mwanafunzi wa mazoezi, sakafu inang'aa, na faili zimepangwa. Njoo saa nane za usiku bila taarifa, uhesabu vichwa vya wahudumu, uombe mmoja akuonyeshe ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi, kisha umuulize nani katika jengo hili hawezi kumeza maji. Majibu ya maswali hayo yatakuambia mengi kuliko cheti kilichowekwa kwenye fremu mapokezi.

Kuna pia hatari ambayo haina moto wala maji. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipopita Florida, nyumba moja ya uuguzi katika mji wa Hollywood ilipoteza umeme wa mitambo ya kupoza hewa. Taa zilikuwa zinawaka. Feni ziliwekwa, simu zilipigwa, watu walisubiri. Joto likapanda vyumbani siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu alfajiri walipoanza kuwahamisha, wakati wengine walikuwa tayari wamekufa. Vifo 12 vilihesabiwa kuwa vya kuuawa. Hospitali yenye hewa baridi ilikuwa upande wa pili wa barabara. Mwaka uliofuata jimbo lile liliweka sheria ya kuzitaka nyumba hizo ziwe na jenereta zinazoweza kulinda joto lisizidi nyuzi 27 kwa saa 96. Sheria nzuri. Hata hivyo nikiisoma habari ile, ninachokiona ni wahudumu waliogusa vipaji vya nyuso vya wazee, wakajua kuna jambo, lakini uamuzi wa kuvuka barabara haukuwa mikononi mwao.

Hapo ndipo hoja yangu yote inapoegemea. Mtu anayejua kwamba maji ya leo ni moto kuliko ya jana, kwamba kopo la unga limeachwa mezani, kwamba babu ameanza kupaliwa anapokunywa chai, ni mhudumu wa mshahara mdogo kuliko wote, mwenye zamu ndefu kuliko wote, na ambaye haulizwi. Akisema, huambiwa ajaze fomu. Akinyamaza hakuna anayejua alikuwa anajua. Makao yanayotaka kuwalinda watu wake yangempa huyo mamlaka ya kufunga bafu bila kuomba ruhusa, kuita gari la wagonjwa bila kumpigia meneja kwanza, na kueleza alichokosea leo bila kuogopa kufukuzwa kesho. Yangemlipa abaki, kwa sababu akiondoka haondoki na mikono yake tu.

Hili la mwisho nalijua kutoka nyumbani kwetu. Mama yangu aliishi miaka yake ya mwisho katika makao ya wazee. Alipoanguka mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekwenda kudai kingo za kitanda, tena kwa sauti ya juu. Mhudumu wa zamu ya usiku, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mama yako haanguki akiwa amelala. Huamka saa tisa na nusu kutafuta choo, na akikuta njia imezibwa atapanda. Mimi humwamsha saa tisa na robo. Tunakwenda wote polepole, namshika hapa kwenye kiwiko cha kushoto maana goti la kulia linamuuma, namrudisha, analala mpaka kumekucha." Kingo hazikuwekwa. Kwa mwaka na miezi kadhaa mama hakuanguka tena.

Kisha mkataba wa yule mama uliisha na haukurefushwa. Alikuja binti mpya, mpole na mwenye bidii, aliyekabidhiwa sakafu nzima kwa maelezo ya dakika kumi. Wiki ya pili mama alivunjika nyonga, mlangoni mwa choo. Nilipokwenda, binti yule alikuwa analia. Nikaomba kuona alichokabidhiwa kuhusu mama. Alinipa karatasi moja. Mbele ya maneno "hatari ya kuanguka" palikuwa na alama ya tiki, na chini yake mistari mitatu ya maelezo, mitupu.